Sukari ya Kwa Maboksi

"Kikapu hakiingii, mama," mlinzi alisema, akanyoosha mkono kuziba mlango kana kwamba Waride amekuja na mbuzi.

"Kitupu hiki, baba. Hebu tazama."

"Nimekiona. Kinaingia kitupu, kinatoka kimejaa. Kiache nje."

Waride aliona uso unamchoma. Watu wawili waliokuwa wakitoka na mifuko yao walimtazama, na mmoja akatabasamu. Akageuka, akarudi kwenye benchi la kivulini alipokuwa ameketi mama mkwe wake, Bi Mwajabu, akampa kikapu akishike. Bi Mwajabu alikuwa ametoka kliniki ya presha Mchukwi asubuhi ile. Miguu ilikuwa imemvimba kidogo, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Kakuita mwizi?"

"Hajasema hivyo, mama."

"Angesema ningemjibu. Haya, ingia. Miye nakilinda hiki kikapu, maana naona kina hatari."

Duka lilikuwa na jina lake kubwa la rangi nyekundu juu ya mlango, lakini watu wa Kibiti walikwisha kulipachika jina lao wenyewe: Kwa Maboksi. Humo ndani hakuna aliyejisumbua kupanga bidhaa zipendeze. Maboksi yalikatwa kwa kisu upande wa mbele, yakapandanishwa chini kwenye saruji, na bei ikabandikwa juu yake kwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene. Unachukua, unakwenda kulipa, unatoka. Tangu lifunguliwe mwaka jana, watu walikuwa wakitoka hadi ng'ambo ya daraja la Rufiji kulifuata.

Waride hakuwa amepanga kununua mengi. Ramadhani ilikuwa inakaribia, nyumbani mafuta yamekwisha, na mfukoni alikuwa na fedha ya mikeka miwili aliyoiuza. Alitaka kutazama tu. Ila mtu aliyekaa na mwenye duka miaka kumi na tano hawezi kutazama tu. Bei za vitu alizijua kama anavyojua majina ya wajomba zake. Aliinua pakiti ya sukari, akasoma karatasi, akairudisha. Akaiinua tena. Akamwendea msichana mmoja aliyekuwa akifungua katoni za tambi.

"Dada, elfu mbili na mia saba hii ni ya kilo, au ya nusu?"

"Kilo, mama. Si imeandikwa hapo?"

Imeandikwa, kweli. Waride alisimama na pakiti mkononi. Mumewe Zubeiri alikuwa akinunua kilo ile ile kwa elfu mbili na mia tisa, tena kwa jumla. Kwa jumla! Halafu ndipo aipandishe gari, aifikishe dukani kwake Nyamwage, aongeze chake kidogo, auze. Akaenda kwenye mafuta, mambo ni yale yale. Akaenda kwenye unga wa ngano, yale yale. Mwisho wa safu kulikuwa na sanduku la vitu vya kumalizia, na humo akapata maziwa ya unga yaliyobaki na miezi miwili kabla ya tarehe yake, boksi limebonyea lakini mfuko wa ndani mzima, kwa nusu ya bei. Akamfikiria Bi Mwajabu na chai yake ya mkandaa, isiyo na tone la maziwa. Akayachukua. Akachukua sukari, mafuta, tende, tambi, unga, na kipande cha sabuni.

Kwenye kaunta msichana alipitisha vitu kimoja kimoja, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mama, hela haifiki. Utoe kitu."

Waride akatoa sabuni.

"Bado."

Akatoa unga, hela ikafika. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza, ule unyamavu wa watu wanaosikiliza. Ndipo sauti aliyoijua ikapasuka kutoka katikati ya foleni ile.

"Mama Amal! Kumbe na weye?"

Alikuwa Tatu, jirani yake wa Nyamwage, muuza maandazi ya barabarani. Amekumbatia mifuko minne ya unga. Zamani mifuko ile alikuwa akiichukua kwa Zubeiri. Waride na mumewe walikuwa wakijiuliza siku hizi anakanda nini.

"Mke wa mwenye duka kaja dukani!" Tatu alisema, akacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafurahi tu kukuta mtu wa kwao. Waride naye akacheka, kicheko cha kulazimisha, akalipa, akakusanya vitu vyake na kutoka bila kungoja chenji ya sarafu.

Nje, Bi Mwajabu alichungulia mfuko, akaona maziwa.

"Ya nani haya?"

"Yako, mama."

"Basi mwambie yule mlinzi nimemsamehe," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Duka la Zubeiri lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, likitazama barabara kuu ya kwenda Lindi. Ukipita ndani ya gari ungeliona limejaa: katoni za sabuni, katoni za mafuta, katoni za biskuti, zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Waride peke yake ndiye aliyejua kuwa nyingi zilikuwa tupu. Zubeiri alizifunga upya kwa gundi, akazigeuza upande wenye picha utazame nje, na mteja akiuliza kitu alichojua hakipo, alijibu kuwa kimewekewa oda ya mtu. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Waride akifagia duka, alifagia kwa uangalifu asije akaigusa katoni ikaanguka na kuonyesha wepesi wake.

Vitu vya Kwa Maboksi alivificha kwenye sanduku la nguo, chini ya kanga. Siku ile alipika mchuzi wa kamba wakavu ambao kaka zake walimletea kutoka Mbuchi, akaukaangia mafuta ya kutosha. Zubeiri alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Hakuuliza mafuta yametoka wapi. Mwenye duka ambaye duka lake halina mafuta hapendi kuuliza.

Mambo yakatulia hivyo siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Tatu akaja kununua kiberiti. Pale dukani walikuwa wamesimama wanaume watatu wakipiga soga, na Zubeiri alikuwa kwenye mkao wake wa kikazi, mikono juu ya meza.

"Shemeji Tatu, umepotea," alisema. "Unga wako nimekuwekea, hata huji kuutazama."

"Unga?" Tatu alishangaa kweli. "Shemeji, unga si nachukua Kibiti Kwa Maboksi, pale pale anapochukua Mama Amal. Hakukwambia tulionana? Alikuwa na sukari, mafuta, tambi... Bei yake pale, we acha tu."

Mwanamume mmoja akakohoa. Mwingine akatazama barabarani kama anayengoja gari. Wa tatu ndiye aliyecheka, akasema, "Sasa kama mpishi mwenyewe hali chakula chake, sisi wageni tuleje?"

Zubeiri alimpa Tatu kiberiti. Alimrudishia na chenji. Kisha akashusha mlango wa duka, jua halijafika hata kichwani, wateja wamesimama.

Waride alikuwa uani akipepeta mchele. Aliposikia mlango ukishuka saa zile, alijua.

"Umenivua nguo," Zubeiri alisema. Hakupaza sauti bado. "Mbele ya watu umenivua nguo."

"Baba Amal, keti kwanza."

"Siketi. Fedha ulitoa wapi?"

"Ya mikeka yangu."

"Aa, fedha hata sikuulizi. Nakuuliza hivi: mke wa muuza sukari akipanda gari kwenda kununua sukari kwa mwingine, watu waseme nini? Si waseme sukari yangu ina sumu?"

"Sukari hukuwa nayo."

"Ningeipata!"

"Kwa Ami? Kwa elfu mbili na mia tisa?" Waride aliweka ungo chini. "Pale wanaiuza elfu mbili na mia saba. Kwa mtu mmoja mmoja, Baba Amal, si kwa jumla. Mtoto akiingia na fedha yake anaipata kwa mia saba."

Ami Abdulrazaq alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Zubeiri, mwenye stoo ya jumla pale Kibiti nyuma ya soko. Ndiye aliyemchukua Zubeiri akiwa mtoto wa miaka tisa baada ya baba kufa, akamfundisha kushika mizani na kusema na watu, na alipooa akamjazia duka hili mzigo wake wa kwanza bila kumdai kitu. Tangu siku hiyo Zubeiri hakuwahi kununua hata boksi moja la viberiti kwa mtu mwingine. Watu wa mjini walipomfuata na bei zao aliwajibu kwa upole kwamba yeye ana kwao.

"Ami hawezi kuniuzia ghali," alisema mwishoni.

"Sijamtaja Ami kwa ubaya. Nimetaja bei."

"Bei ya Ami ndiyo Ami mwenyewe!" Sasa sauti ilipanda. "Unajua yule mzee kanifanyia nini? Unataka niuume mkono ulionilisha kwa ajili ya shilingi mia mbili?"

"Zubeiri!" Bi Mwajabu aliita kutoka chumbani, na kitanda chake kikasikika kikilia. "Usimpigie kelele mtoto wa watu. Maziwa ninayokunywa humu ndani ni ya huko huko. Na weye jana umeyatia kwenye chai, ukaomba kikombe cha pili."

Zubeiri alimtazama mkewe. Waride akainamia mchele.

"Kwa hiyo nyumba nzima inajua ila mimi."

"Nyumba nzima inakula," Bi Mwajabu alisema, akiwa amefika mlangoni na kushika mwimo. "Sikiliza. Baba yako mdogo Abdulrazaq miye shemeji yangu, namjua kabla hujazaliwa, na simsemi. Ila nenda ukaone kwa macho yako. Ikiwa mkeo mwongo, rudi umwambie mwongo. Ikiwa kweli, rudi utwambie siye tufanyeje, maana duka lenyewe..." Akautazama ukuta uliotenga uani na duka. "Miye mzee, lakini masikio yangu yanasikia. Katoni yenye kitu haisikiki vile ikiburutwa."

Hapo ndipo Zubeiri alipoketi. Aliketi juu ya kinu, akajishika kichwa. Waride alisogea, akaketi chini karibu na miguu yake.

"Nilitaka nikwambie," Zubeiri alisema.

"Nilikuwa najua."

"Kila mwezi nikadhani mwezi ujao utakuwa afadhali."

"Najua, Baba Amal. Twende wote. Ukiona sivyo, turudi."

Walikwenda Alhamisi. Zubeiri alishusha kofia yake karibu na nyusi tangu waliposhuka stendi, kwa sababu stoo ya Ami haikuwa mbali na alihofu kuonwa. Safari hii Waride hakuwa na kikapu, na mlinzi hata hakuwatazama.

Mwanzoni Zubeiri alitembea mule ndani kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Hakugusa kitu. Alisoma karatasi za bei akiwa mbali, mikono nyuma. Kisha ukatokea ubishi baina yake na boksi la sabuni. Alilisogelea, akachukua mche mmoja, akaupima kwa kiganja, akaugeuza kusoma maandishi madogo ya nyuma.

"Hii wamepunguza uzito," alimnong'oneza Waride. "Unaona? Bei chini, lakini na sabuni nayo chini. Hii usinunue hapa."

"Mimi nilitaka kununua."

"Usinunue. Na mchele huu, toba! Mchele wa kutoka mbali huo, hauna hata harufu. Mchele wetu wa Rufiji bei yake afadhali na mtu akiupika jirani anajua." Akapita kwenye biskuti, akaitikisa pakiti karibu na sikio. "Hewa tupu. Lakini tambi hii... tambi hii nzuri. Na bei yake kweli." Akafika kwenye mafuta, akalinyanyua dumu na kulitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akafika kwenye unga, akaubonyeza mfuko. Waride alikuwa nyuma yake na kapu la plastiki la duka, akiweka kila alichoambiwa na kurudisha kila alichokatazwa, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi akamwona mumewe anafanya kazi aliyozaliwa nayo.

Walipofika kwenye sukari, Zubeiri aliinua pakiti. Juu ya karatasi ya bei wiki hii waliongeza nyingine: OFA, MWISHO PAKITI KUMI KWA MTEJA.

"Ami hajui," alisema. "Mzee hajui kama bei zimeshuka. Wanamwibia huko Dar anakochukua mzigo. Lazima nimwambie, lakini nitamwambiaje bila kumvunja moyo?"

"Utapata maneno," Waride alisema. "Chukua kumi, na mimi nichukue kumi."

Wakajipanga foleni. Mbele yao alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, na mbele ya huyo mzee mmoja wa kanzu na barghashia, amelalia toroli lenye pakiti kumi za sukari. Msichana wa kaunta aliinua pakiti ya kwanza, akamtazama mzee usoni, akaiweka chini.

"Babu, wewe si ulipita asubuhi?"

Mzee alisema kitu cha chini.

"Ulipita, babu. Ulikuwa na kofia nyeupe. Ukachukua kumi. Na jana pia. Hii ofa ni kumi kwa mteja, siyo kumi kwa kofia."

Foleni ikaangua kicheko. Mlinzi aliacha mlango, akaanza kuja taratibu, akifurahia njia.

"Si miye, mwanangu," mzee alisema, sasa kwa sauti ya kusikika, sauti inayotetemeka. "Asubuhi alikuwa ndugu yangu. Tumefanana."

Zubeiri aliijua sauti ile. Ilimfundisha kuhesabu. Waride aliona shingo ya mumewe ikikakamaa, akamshika mkono wa kanzu. Kwa muda mfupi Zubeiri alisimama tu. Angeweza kutoka nje, mzee asijue kama alikuwepo. Angeweza kungoja aone mwisho wake. Mlinzi alikuwa amefika na kushika toroli.

"Ngoja, kaka," Zubeiri alisema, akapita mbele. "Mzee tuko naye. Dada, pakiti kumi zilizomo humo ni zangu, na mke wangu yule pale ana kumi zake. Sisi hatujapita asubuhi. Hizi kumi nilizobeba mimi nazirudisha." Kisha akageuka, akainama kidogo kama alivyoinama maisha yake yote. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba," Mzee Abdulrazaq alisema, kwa sauti ndogo sana.

Kirikuu ya Ami, gari lake dogo la mizigo, ilikuwa imeegeshwa upande wa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta. Nyuma kwenye bodi kulikuwa na viroba vitupu vya kilo ishirini na tano, vimekunjwa vizuri, na juu yake sindano kubwa na uzi. Zubeiri aliviona. Alikuwa akipokea viroba vya namna hiyo kila wiki mbili, na zaidi ya mara moja alijiuliza kwa nini siku hizi vimeshonwa kwa mkono.

Alipakia sukari. Alipomaliza, alisimama amempa mzee mgongo.

"Unakata pakiti, unamimina kwenye kiroba, unashona," alisema. "Halafu unaniita, Zubeiri mzigo umefika kutoka Dar."

"Ndivyo," mzee alisema.

"Unaniongezea mia mbili."

"Mafuta ya gari, mwanangu. Na chakula."

"Mimi, Ami?" Zubeiri aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi kwangu rafu ni maboksi matupu! Naamka nayapanga ili wapita njia wadhani nina kitu. Mama yangu alikuwa akinywa chai ya mkandaa. Watu wamenicheka mlangoni mwangu. Nikijiambia, vumilia, huyu ni Ami, hakuuzii ghali ila dunia yenyewe imekuwa ghali."

Mzee alitafuta pa kuketi, akaketi kwenye ngazi ya gari. Bila mazoea yake ya kusimama wima alionekana mdogo ndani ya ile kanzu.

"Hawa walipofungua, wateja wangu wote walihama kabla ya mwezi kwisha," alisema. "Wote. Dar nilikuwa sina tena mtaji wa kuchukua mzigo. Ukabaki weye peke yako. Kila ukija unanibusu mkono, unaniita tajiri, unaniuliza Ami biashara vipi. Ningekwambia nini? Kwamba stoo ile ni kuta tu? Nikasema, ngoja nimpatie mtoto sukari, asijue. Nilidhani nakusaidia, wallahi. Kisha nikaona bila ile mia mbili sili." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Na weye hukuniambia kama umekwama."

"Ningekwambiaje, na duka ulinipa wewe?"

Zubeiri alitembea hadi kwenye kona ya ukuta, akasimama huko akitazama uwanja ambao haukuwa na kitu. Waride alimwacha. Alimtazama mzee, akamtazama mumewe, na jambo moja lilikuwa likimwasha tangu pale kaunta. Akarudi ndani peke yake. Mlinzi alimtazama, naye akamtazama.

"Dada," alimwambia msichana wa kaunta, "mtu mwenye duka lake kijijini, anayetaka mzigo mkubwa, kwenu anafanyaje?"

"Wenye maduka? Wana siku zao, mama, Jumanne na Jumamosi asubuhi, mlango wa nyuma. Kule hakuna mwisho. Na ukichukua kwa katoni bei inashuka tena kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza leo."

Waride alitoka karibu anakimbia. Alipowaeleza, hakuna aliyemwelewa mara moja, akarudia. Mlango wa nyuma. Jumanne na Jumamosi. Bila mwisho, na bei chini zaidi. Mzee Abdulrazaq alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Waride alidhani analia, akamsogelea. Alikuwa anacheka.

"Nina kofia saba mule garini," alisema, pumzi zikimkatika. "Saba! Juzi nilivaa ya mjukuu wangu, ya timu ya mpira!"

Zubeiri alikuwa bado amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini aliwaza picha ya Ami, mzee wa kuheshimiwa, aliyewahi kukaa safu ya mbele katika kila harusi ya Kibiti, amevaa kofia ya mpira kwenye foleni ya sukari, na kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia. Akaja akaketi kando ya mzee kwenye ngazi ile. Walicheka mpaka mlinzi akachungulia kona kuona kuna nini.

Maneno mengine waliyasema pale pale, sasa bila kuzungukana. Gari ni la Ami, miguu ya Ami bado inakanyaga mafuta. Jumanne atachukua mzigo kwa katoni, wa Zubeiri na wa vijiduka vingine vya barabarani vitakavyotaka, na atataja nauli yake waziwazi kama dereva yeyote. Gari likirudi Kibiti lisirudi tupu: lipakie nazi, mchele wa Rufiji, na kamba wakavu wa kaka zake Waride, stoo ile ya nyuma ya soko ipate kitu cha kuuza ambacho Kwa Maboksi hawana. Kuhusu zile mia mbili za nyuma, Ami alianza kusema, Zubeiri akamkatiza.

"Hizo tuziache, Ami. Ila usinidanganye tena."

"Sikudanganyi."

"Na mimi sikudanganyi. Leo twende nyumbani ukale. Mama atakutukana kidogo."

"Shemeji yangu yule? Kidogo haijui," mzee alisema, akatafuta ufunguo wa gari.

Bi Mwajabu alimtukana sana, kisha akamtilia maziwa kwenye chai.

Jumatano asubuhi, mzigo wa Jumanne umeshafika, Zubeiri alifungua duka mapema. Katoni za zamani alizikanyaga zikawa bapa, Waride akaziwashia jiko. Rafu sasa zilikuwa na nafasi wazi hapa na pale, lakini kilichokuwepo kilikuwepo. Alifungua pakiti za sukari akazimimina kwenye ndoo yenye mfuniko, akaweka kipimo juu yake, kwa sababu watu wa Nyamwage wengi hawanunui kilo. Wananunua robo, na mafuta ya kupima kwa upawa, na kwa hilo Kibiti hawapandi gari.

Usiku wa jana yake alikuwa ametayarisha maneno. Alimwambia Waride kuwa hataki tena mtu amwambie mlangoni kwake kitu ambacho hajakisema mwenyewe. Waride akasimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, akisikiliza, kanga imeshikwa kwenye meno.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa nyumba za ng'ambo ya barabara, mwenye haraka, ametoka na kibakuli mkononi.

"Sukari robo."

Zubeiri alisafisha koo. "Mama, kabla sijakupimia nikwambie ukweli. Sukari hii nimeinunua Kibiti, Kwa Maboksi. Nimelipa nauli ya gari, na juu nimeongeza cha kwangu kidogo. Ukienda mwenyewe utaipata kwa..."

"We Zubeiri," yule mama alisema, "miye nimeomba sukari, sijaomba historia yake. Chai iko motoni."

Zubeiri alibaki na kipimo hewani. Nyuma ya pazia Waride aliachia kanga. Kisha akasikia mfuniko wa ndoo ukifunguliwa, na sukari ikimiminika ndani ya kibakuli, robo na kidogo juu yake.